Mashine Isikisie Fedha za Wanachama

Somo la utunzaji wa hesabu limepata mgeni ambaye hatuna budi kumpokea kwa tahadhari. Mgeni huyo ni wakala wa akili mnemba, yaani programu ya kompyuta inayopewa kazi kwa maneno ya kawaida, ikasoma nyaraka, ikaamua hatua za kufuata na kuzitekeleza yenyewe. Wanachuo wanamtumia, tupende tusipende. Rai yetu ni kwamba wakala huyo asiachiwe kukokotoa fedha kwa kichwa chake. Apewe zana ya kukokotolea, na mwanachuo afundishwe kuidai zana hiyo kabla ya kuamini tarakimu hata moja.

Sababu ni umbile la wakala mwenyewe. Ndani yake umo mtambo wa lugha, ambao hutoa neno linaloelekea kufuata maneno yaliyotangulia. Ukiulizwa saba mara nane hujibu hamsini na sita, kwa kuwa umekwisha kukutana na jibu hilo mara nyingi. Ukipewa mistari mia tatu ya leja huweza kutoa tarakimu yenye sura ya jumla ilhali si jumla. Karani asiyejua hukuna kichwa. Mtambo huu haukuni.

Wako wenzetu wanaosema dawa ni kupiga marufuku. Hatuafikiani nao. Mwanafunzi wa sekondari wa miaka ya 1970 alifungua majedwali ya logi bila haya, na hakuna mwalimu aliyemdai azikumbuke. Aibu ilikuwa kubuni logi na kuiandika kana kwamba imetoka jedwalini. Wakala naye afungue jedwali lake: aandike ombi lenye tendo na tarakimu zake, alipeleke kwa programu ya hesabu, kisha anakili jibu pasipo kulibadili. Ombi na jibu vibaki vimeandikwa ili mkaguzi avione. Na si kila programu inafaa. Kompyuta nyingi hutunza desimali kwa namba za msingi wa mbili, hata 0.1 ikijumlishwa na 0.2 haipatikani 0.3 kamili. Zana ya fedha ifanye kazi kwa senti nzima, na ikipewa kisichosomeka ikatae, isikisie.

Tuchukue mfano wa darasani. Tuseme pana kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wauzao ndizi katika soko la Kwa Sadala, wilayani Hai, kando ya barabara kuu ya Moshi–Arusha. Mwisho wa mwaka wana faida ya shilingi 1,000,000 na hisa 1,846. Zana itagawa na kujibu shilingi 541 na senti 71 kwa hisa, na masalio kidogo. Hakuna atakayelipwa senti 71. Wakilipa 542, zitahitajika shilingi 1,000,532, na mweka hazina atatafuta 532 zilizopungua mfukoni mwake. Wakilipa 541, zitatoka 998,686 na kubaki 1,314. Hizo ni za nani? Hapo kikokotoo hakina la kusema, wala wakala hana mamlaka. Ni shauri la mkutano, nalo liandikwe katika kanuni kabla zana haijaguswa. Mwanachuo aliyeona jambo hili ameelewa ukadiriaji kuliko aliyekariri fomula.

Liko tatizo jingine ambalo zana haitibu. Muuzaji akisema “laki na hamsini” anakusudia 150,000, wala si 100,050. Katibu akiandika maneno hayo daftarini, wakala anaweza kuyasoma vibaya, na zana itajumlisha kosa hilo kwa usahihi kamili. Kwa hiyo usomaji ukaguliwe kando na ukokotoaji. Idadi ya mistari iliyosomwa ilinganishwe na ya daftari, na kila kiasi kikubwa kitazamwe kwa jicho la mtu.

Hofu yetu si ya kinadharia. Nchini Uingereza, mfumo wa kompyuta wa posta ulioitwa Horizon ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya wasimamizi 900 wa posta ndogo walitiwa hatiani, na baadhi yao walifungwa. Ilipofika 2024 ndipo Bunge lilipotunga sheria ya kufuta hukumu hizo. Horizon haukuwa akili mnemba, lakini mahakama ziliamini tarakimu za mashine kuliko neno la mtu. Hapa Kilimanjaro, ambako wakulima wa kahawa waliunda chama chao kikuu, KNCU, mwaka 1933, heshima ya karani wa chama cha msingi imo daftarini mwake. Karani akishtakiwa kwa upungufu uliobuniwa na mtambo wa lugha, atajitetea kwa nini ikiwa ombi na jibu havikuhifadhiwa?

Darasani tunapendekeza mwanachuo akisie kwanza jibu kwa penseli, akokotoe mstari mmoja ubaoni, ndipo amwagize wakala. Mkufunzi asipokee jibu lisiloambatana na ombi lililopelekwa kwenye zana. Kisha abadili kwa siri tarakimu moja katika daftari la zoezi, na maksi ziwe za yule aonyeshaye ni mstari upi.