Nilishika Jiwe na Sikujua ni la Nani

Wasee, leo naungama. Jioni moja nikiwa stage, mtu alipiga nduru: "Mwizi!" Nikakimbia. Sikuwa nimeibiwa na sikuwa nimeona chochote. Wa kushoto walikimbia, wa kulia wakakimbia, na mimi huyo! Nilipogutuka, nilikuwa na jiwe mkononi.

Sikulirusha, lakini si kwa sababu ya wema wangu. Mama wa mboga alisimama mbele ya huyo kijana akauliza, "Kwani ameiba nini?" Kimya. Kisha jamaa wa boda naye akauliza, "Na ni ya nani?" Watu wakaanza kuangaliana, halafu wakapungua mmoja mmoja. Hadi leo sijui kama yule kijana aliiba.

Jibu la kilichonipata nililikuta kwenye fizikia, imagine. Shuleni tulifunzwa kwamba barafu ikifika nyuzi 0 inaanza kuyeyuka. Kuna kizingiti. Sasa kuna wanafizikia wanaotafuta vizingiti kama hivyo kwa vitu vinavyojisukuma vyenyewe: bakteria, samaki, ndege, nzige.

Mwaka 1995, Tamás Vicsek wa Hungary na wenzake walitengeneza modeli rahisi ya kompyuta. Kila chembe inaenda kwa kasi ileile, na kila hatua inafuata wastani wa mwelekeo wa majirani zake, ikikosea kidogo. Hayo makosa ndiyo wanaita kelele. Kelele ikiwa nyingi, kila moja inashika njia yake. Punguza kelele ama ongeza msongamano, uvuke kizingiti, na chembe zinageukia upande mmoja. Hakuna kiongozi wala amri.

Mwaka 2006 watafiti wengine waliweka tunutu, wale nzige wachanga, kwenye uwanja wa duara maabarani. Wakiwa wachache walitangatanga tu. Walipozidi kama 74 kwa kila mita mraba, waliandamana upande mmoja na karibu hawakugeuka tena.

Ndiyo maana swali letu la kila siku baada ya mtu kuuawa na umati, "Nani aliwachochea?", naona halitoshi. Inawezekana hakuna aliyepanga. Ilitosha kila mmoja wetu kuangalia jirani na kumfuata. Tena hapo ndipo tunapojificha: kila mtu anasema alikuwa anafuata wengine.

Lakini ona upande wa pili. Kwenye modeli ile, kinachovunja msafara ni kelele, na chembe moja ikikosea haitoshi. Lazima kelele ziwe nyingi. Mama wa mboga alikuwa jasiri, ndiyo, lakini peke yake angesukumwa kando. Aliyegeuza mambo ni yule wa pili. Tunapenda kusifu wa kwanza, lakini mimi nasema umati wa Kenya unakosa watu wa pili. Siku ile ningeweza kuwa mmoja wao, na nilikuwa nimeshika jiwe.

Najua mtaniambia, "Bro, watu si chembe." Kweli kabisa. Hata nzige si chembe. Mwaka 2020 nzige walipovamia Kenya, kuna watafiti walikuja huku kuwachunguza, na 2025 wakachapisha walichogundua kwenye jarida la Science: nzige hafuati tu wastani wa majirani kama modeli ilivyodai. Ubongo wake unachakata kile macho yanaona, ndipo unaamua aende wapi.

Sasa kama nzige anaangalia kabla ya kugeuka, mimi nilikuwa na kisingizio gani?

Kwa hivyo next time ukisikia nduru, usingoje kuwa shujaa. Mtu akiuliza, "Ameiba nini?", wewe uliza la pili. Kwa sauti.