Kesi Zisiahirishwe Ovyo

Kwa muda mrefu sasa wananchi wa Unguja na Pemba wamekuwa wakilalamika kwamba kesi hazishi. Malalamiko hayo hayasikiki mabarazani tu. Yanasemwa katika vikao vya Chama, yanasemwa na Wawakilishi, na wakuu wa Mahakama wenyewe huyataja katika hotuba za Siku ya Sheria. Jambo ambalo kila mtu analikiri na bado likabaki pale pale halina budi litazamwe upya, kwani yumkini hatujafahamu sawasawa ni madhara gani linaleta.

Sheria haikuwekwa kwa ajili ya mwenye nguvu. Huyo, hata kama pasingekuwa na sheria, ana njia zake za kupata anachokitaka: ana jamaa, ana fedha, ana jina. Sheria imewekwa ili asiyemjua mtu ofisini aweze kusimama mbele ya hakimu na kusikilizwa sawa na mkubwa wake. Waliosoma chuoni wanaijua barua inayonasibishwa na Sayyidna Umar bin Khattab kwenda kwa Abu Musa Al-Ash'ari, ambamo kadhi anaagizwa awasawazishe wagomvi wawili hata katika kuwatazama na kuwakalisha. Kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinalithibitisha jambo hilo hilo, kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Maneno, basi, tunayo ya kutosha.

Tutazame hali ilivyo siku ya kesi. Mwananchi amepewa hati ya wito afike mahakamani saa mbili asubuhi. Ametoka shamba alfajiri, amelipa nauli, ameketi nje hadi saa tano. Saa tano karani anatoka na kutangaza kwamba kesi imeahirishwa hadi mwezi ujao. Sababu mara ni kwamba upelelezi haujakamilika, mara shahidi wa Serikali hakuitwa, mara wakili yuko mahakama nyingine, mara hakimu yuko mkutanoni, mara mshtakiwa hakuletwa kwa kuwa gari halikupatikana. Pengine sababu haitajwi kabisa. Kama mwananchi huyo ni mama anayelima mwani Paje au Jambiani, na siku hiyo imeangukia bamvu, basi amepoteza siku katika zile chache za maji makavu anazozitegemea ili apate kuingia shambani kwake, na hakuna wa kumlipa. Mwezi wa pili anakuja tena. Mwezi wa tatu anatuma mtu aulizie. Mwezi wa nne haji, na jalada linaandikwa kwamba shahidi hakutokea.

Hapo ndipo wengi wetu huishia, tukasema kuahirisha kesi ni usumbufu. Sisi tunaona ni zaidi ya usumbufu. Katika visiwa hivi tuna kitu kinachoitwa muhali. Watu wetu ni wachache, wameoana, wamezikana, wanaswali msikiti mmoja. Mtu akitendewa ubaya na jirani au ami yake, kabla hajafika kituo cha Polisi huwa ameshatembelewa na wazee wawili watatu wa kumnasihi asiivunje familia. Akikaza moyo akashitaki, wazee hao hawachoki, wanangoja. Kila kesi inapoahirishwa wanapata mwezi mwingine wa kupiga hodi. Shauri ambalo sheria ililitoa mikononi mwa wenye sauti katika mtaa, linarudishwa mikononi mwao kwa kuchelewa tu, bila ya mtu yeyote kuvunja kifungu chochote.

Tunayaona haya kwa uchungu mkubwa zaidi katika kesi za udhalilishaji wa watoto. Serikali ya Mapinduzi imefanya kazi yake ya kutunga sheria. Sheria ya Adhabu na Sheria ya Mwenendo wa Jinai zote zilitungwa upya mwaka 2018, na mwaka 2021 ikaundwa mahakama maalum ya makosa hayo. Hata hivyo bado tunasikia kesi kuondoshwa kwa kukosa ushahidi, na ukiuliza ushahidi umekwenda wapi unaambiwa familia zimekubaliana. Wamekubaliana nini, na nani aliyemuuliza mtoto? Lililo baya zaidi ni kwamba katika makubaliano ya namna hiyo hutajwa masheha, na hutajwa pia viongozi wa matawi, watu waliopewa dhamana na umma. Kiongozi anayekaa mkekani kupanga bei ya maumivu ya mtoto hastahiki kuitwa msuluhishi. Anazuia ushahidi, na Chama kina kanuni za maadili za kumshughulikia bila ya kuingoja mahakama.

Kuhusu mahabusu, tuseme machache. Baada ya Mapinduzi gereza letu lilipewa jina la Chuo cha Mafunzo, nalo ni jina lenye maana nzuri. Lakini anayekaa humo bila ya kuhukumiwa hajui ni somo gani amewekewa. Kule Tanzania Bara, masheikh wa Uamsho walioshitakiwa kwa tuhuma za ugaidi walikaa mahabusu miaka mingi hadi mashtaka yao yalipofutwa Juni 2021. Tunalitaja hilo bila ya kushabikia upande wowote. Hadi siku walipotoka hakuna mahakama iliyokuwa imetamka kwamba wana hatia. Kama walikuwa na kosa, umma haukuonyeshwa. Na kama hawakuwa nalo, miaka ile hairudi.

Wapo watakaosema kwamba dawa yake ni kurudi kwenye mahakama za haraka, zisizo na mawakili wala mlolongo. Vijana wanaosema hivyo hawakuziona. Mahakama za Wananchi, zilizowekwa kwa sheria ya 1969, zilikuwa karibu na watu na hazikuwa na Kiingereza cha kuwatisha, na kwa hilo zilikuwa na wema wake. Lakini mawakili hawakuruhusiwa humo. Katika kesi ya uhaini iliyofuatia kuuawa kwa Rais wa kwanza, Sheikh Abeid Amani Karume, tarehe 7 Aprili 1972, Mwanasheria Mkuu ndiye aliyeendesha mashtaka na ndiye huyo huyo aliyewasemea washtakiwa. Hukumu ikatolewa mwaka 1974, na wapo waliohukumiwa kifo. Katiba ya 1984 na sheria za mahakama za 1985 zilikuja kuturudisha katika utaratibu ambao mshtakiwa ana mtu wake wa kumsemea. Hatuutaki mwendo wa zamani. Tunachokitaka ni kwamba haki ya kujitetea tuliyoipata wakati ule isiliwe na kalenda.

Na hili halihitaji sheria mpya. Hakimu anapoahirisha kesi, aitamke sababu mbele ya wahusika na iandikwe katika jalada ni nani aliyesababisha. Afisa wa Polisi anapohamishwa, asiondoke kituoni hadi majalada yake yamekabidhiwa kwa mwingine kwa jina. Ikijulikana jana kwamba leo kesi haitasikilizwa, shahidi wa Konde au Makunduchi apigiwe simu asitoke kwake; simu kila mtu anayo siku hizi. Posho ya shahidi ilipwe siku ile ile aliyofika. Madai ya matunzo katika Mahakama za Kadhi yatangulizwe, maana mtoto hali mwezi ujao.

Kila mwaka Baraza la Wawakilishi linapokutana Chukwani kwa kikao cha bajeti, husomewa idadi ya kesi zilizofunguliwa na zilizotolewa hukumu. Tunaomba katika kikao kijacho isomwe na orodha ya tatu, wilaya kwa wilaya: ni kesi ngapi za udhalilishaji zimeahirishwa zaidi ya mara tatu, na kwa sababu ya nani.