Wanaohesabu sambaza wawahesabu na furu

Na Espérance Uwamahoro

Jua likizama Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, mitumbwi hutoka mitatu mitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu, taa zikining'inia na wavuvi wakiimba kwa kupokezana. Wanafuata sambaza, dagaa anayelisha Rubavu na Goma. Hakuna wa kuwalaumu. Ila sambaza ni mgeni: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Wenyeji wako ufuoni, penye mawe. Ni furu, samaki wadogo wanaoweza kulala kiganjani. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini, mfano wa mayai. Jike huatamia mayai kinywani mpaka vifaranga wajue kuogelea. Wataalamu wameorodhesha aina 15 zisizopatikana kwingine ila Kivu.

Mwaka 2003, Erik Verheyen na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa vinasaba vya furu wa Afrika Mashariki. Walitafuta asili ya mamia ya aina za Ziwa Victoria, wakafikishwa Kivu. Ardhi yenyewe inawaunga mkono. Hapo kale maji ya Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Nile, mpaka volkeno za Virunga zilipoziba njia. Baadaye yakatokea kusini, kwa mto Ruzizi. Victoria nalo lilikauka, likajaa upya takriban miaka 15,000 iliyopita, na humo zikachipuka aina zaidi ya 500. Utafiti wa 2017 ukaongeza jambo kubwa: ukoo wa upande wa Kongo na ukoo wa Nile ya juu zilizaana, na mchanganyiko huo wa vinasaba ndio uliowezesha maumbo mengi kiasi hicho kutokea upesi.

Kwa hiyo utofauti wa vinasaba si pambo. Kiumbe aliyebakiwa na damu ya namna moja hana pa kushika mazingira yakibadilika. Ndiyo maana dunia inawahangaikia nyangumi-nundu wa pwani ya Oman, waliotengana na wenzao kwa takriban miaka 70,000 na ambao leo wanakadiriwa kutofika 100. Furu wa Kivu nao wametengwa na milima, lakini nani anawapigia mbiu?

Victoria lilikwishalipa gharama. Sangara alipopandikizwa huko miaka ya 1950, aina nyingi mno za furu ziliangamia katika miongo iliyofuata. Hata Kivu, sambaza alipozoea maji, kijidudu kimoja cha majini, dafnia, chakula chake kizuri, kilitoweka.

Rwanda na Kongo wanapopima wingi wa sambaza, wapime na furu wa ufuoni na kuhifadhi sampuli za vinasaba vyao. Asiruhusiwe samaki mwingine wa kigeni kuingizwa Kivu, hata kwa ahadi ya mavuno makubwa, kabla wataalamu wa pande zote mbili za ziwa hawajaeleza hadharani atakula nini na atazaana na nani.