Gari Likishtuka Mlimani, Uliza Kabla ya Kununua

Jumapili hii tuzungumze juu ya ugonjwa wa gari. Usigeuze ukurasa kwa kudhani kwamba jambo hili ni la wenye magari peke yao. Upandapo basi kwenda kazini, ukodipo pikapu kuhamisha vyombo, au umpelekapo mgonjwa hospitali usiku wa manane, injini ile ni shauri lako pia.

Mwezi wa Septemba, mwaka juzi, nilikuwa Yaeda Chini, katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara. Ni bonde la mibuyu na migunga, makazi ya Wahadzabe wawindao na kurina asali, pamoja na majirani zao Wabarbaig wafugaji na Wairaqw wakulima. Wakati wa mvua sehemu ya bonde hugeuka kinamasi. Wakati wa kiangazi vumbi huingia hata katika chumvi ya mezani. Kutoka huko kwenda Mbulu mjini, gari halina budi kupanda ukingo wa bonde.

Tulipanda pikapu ya kukodi, ya zamani, itumiayo petroli na yenye kabureta. Mbele, kando ya dereva, alikaa mama mmoja amempakata mtoto wake mwenye homa kali, akimpeleka hospitali. Sisi wengine tulikuwa nyuma pamoja na magunia.

Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda, dereva akakanyaga mafuta, nalo likaanza kushtuka: likivuta, likikatika, likivuta tena, kama mtu mwenye kwikwi. Mwishowe likazimika. Dereva akashuka, akafungua plagi, akazisugua, akazirudisha. Gari likawaka, likaenda kama kilomita mbili, kisha kwikwi ikarudi. Safari hii akakaza waya za koili. Likawaka tena, likaenda tena, likazimika tena. Mama yule hakusema neno. Alikuwa akimpepea mtoto kwa ncha ya kanga na kulitazama jua.

Miongoni mwetu alikuwamo mzee aliyepata kuwa fundi wa matrekta katika mashamba makubwa ya ngano ya Hanang, yale yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970 na 1980. Akauliza kwa upole, "Mwanangu, ugonjwa huu ulianza lini?"

"Wiki iliyopita, mzee. Tajiri amekwisha kununua koili mpya na plagi mpya, lakini wapi!"

"Na kifuniko cha tangi kilipotea lini?"

Dereva akanyamaza. Kifuniko kilipotea wiki ile ile. Mahali pake palikuwa pamezibwa kwa mfuko wa nailoni na kufungwa kwa mpira wa tyubu, kisawasawa, ili vumbi lisiingie. Mzee akalegeza ule mpira. Tukasikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio mkali: fyuuu!

Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Petroli ikitoka tangini, ni lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana kifuniko halisi kina njia ndogo ya kupumulia. Njia hiyo ikizibwa, tangi hujivuta lenyewe na pampu hushindwa kunyonya. Kwenye tambarare injini hutosheka na mafuta machache. Mlimani hudai mengi, nayo hayaji. Gari likipumzika, hewa hupenya taratibu, mafuta yakaja tena. Basi kilicholiponya gari kila tuliposimama kilikuwa ule muda wa kusimama, wala si kusuguliwa kwa plagi. Dereva alikuwa akiisifu dawa isiyotibu.

Ndugu msomaji, fundisho la kwanza ni hilo. Kabla ya kununua kipuri, uliza: ugonjwa ulianza lini, na siku hiyo ni kitu gani kilichobadilishwa? Kisha anza na uchunguzi usiokugharimu senti.

Kwanza, hakikisha kwamba injini ndiyo inayoumwa. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka tu, yaelekea ni klachi. Likitetemeka likifikia mwendo fulani, na likaendelea hata baada ya kuachia mafuta na kuweka gia huru mahali pa tambarare na pa salama, tazama magurudumu na krosi za propela shafti.

Pili, pima njia ya mafuta. Mbali na miji petroli nyingi huuzwa kwa madumu, na huweza kuwa na maji na taka. Chujio likiziba, dalili zake hufanana na zile za kifuniko: nguvu hupungua mlimani, kisha hurudi baada ya mapumziko. Kwa kuwa kulegeza kifuniko ni bure, anza nacho, ndipo uje kwenye chujio na pampu.

Tatu, tazama hewa. Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue barabara. Chujio la hewa lililojaa vumbi huinyima injini pumzi, na gari la kabureta hutoa moshi mweusi.

Nne, chunguza moto. Ukikanyaga mafuta, mgandamizo ndani ya silinda huongezeka, na cheche hupata taabu kuruka. Kwa hiyo plagi iliyochoka au waya uliopasuka huweza kufanya kazi vizuri gari likiwa limesimama, kisha ukashindwa chini ya mzigo. Mishtuko ya namna hii huwa mikali na ya ghafla. Mafundi husema gari linamisi. Fungua plagi uzisome: rangi ya hudhurungi ni afya, masizi meusi makavu ni mafuta mengi au hewa haba, weupe ni joto kupita kiasi, ulowano wa oili ni dalili kwamba oili inapenya ndani ya silinda.

Katika magari ya siku hizi yaongozwayo na kompyuta, usichomoe nyaya injini ikiwaka. Waweza kuharibu vyombo vya thamani au kupigwa na umeme wa maelfu ya volti. Mpe fundi alipime kwa kompyuta. Na taa ya injini ikimetameta huku gari likishtuka, punguza mwendo na usiendelee na safari ndefu, kwani petroli isiyoungua huenda kuchoma kifaa cha kusafishia moshi.

Dawa ya mzee ilikuwa ya dharura tu. Tangi lililolegezwa mdomo humwaga petroli mlimani, na cheche moja ya sigara yatosha kuleta msiba. Alikataza uvutaji, akamwagiza dereva aende taratibu, na kifuniko halisi kinunuliwe mara tutakapofika.

Tulifika Mbulu kabla ya jua kutua. Mama yule alishuka na mtoto wake mlangoni mwa hospitali, akageuka kumpa mzee mkono, kisha akaingia ndani haraka.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuongeze: ukiziba, jua kwanza unaziba nini. Tajiri wa gari lile alinunua koili na plagi, akaacha kununua kifuniko. Na gharama ya kosa lile ilikaribia kulipwa na mtoto ambaye hata jina la kifuniko halijui.

Tukutane Jumapili ijayo.