Bastola ya Askari: Darubini au Nukta Nyekundu?

Ubishi umezuka miongoni mwa wapiganaji, makambini na katika vituo vya polisi, juu ya kilengeo kifaacho kufungwa kwenye bastola: darubini au nukta nyekundu. Ubishi huo tunaukaribisha, ila tungependa uanze na kazi ya silaha yenyewe, si na picha za sinema.

Bastola ni silaha ya karibu. Polisi aitwaye usiku kwenye duka lililovunjwa haitoi ili apige mita mia mbili. Huitoa mbele ya mtu aliye hatua saba, pengine tatu. Katika umbali huo darubini humnyima macho. Humlazimu kuliweka jicho mahali pamoja tu nyuma ya kioo, na humo huona kifua kilichokuzwa basi. Mikono haioni. Je, yule ameshika kisu, simu au kitambulisho? Na mtoto aliyejibanza nyuma ya meza ya nyanya haonekani kabisa. Hapo ndipo raia asiye na hatia hupoteza maisha, na askari naye huishia mahakamani.

Hatusemi darubini haina mahali pake. Wawindaji wa Marekani huifunga kwenye bastola nzito, wakaegemeza mikono na kumngoja mnyama. Askari hana nafasi hiyo, wala bastola yenye darubini haiingii katika ala yake ya kiunoni.

Nukta nyekundu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na kampuni ya Aimpoint ya Sweden mwaka 1975, haikuzi kitu. Taa ndogo huakisiwa na kioo, na mpiga shabaha huiona nukta juu ya shabaha huku macho yote mawili yakiwa wazi. Kwa vilengeo vya chuma jicho hutakiwa kupanga vitu vitatu, cha nyuma, cha mbele na shabaha, nalo haliwezi kuviona vyote sawasawa kwa wakati mmoja. Kwa nukta, jicho hubaki kwa mtu. Si ajabu kwamba bastola ya M17, iliyochaguliwa na Jeshi la Marekani mwaka 2017, ilitengenezwa tayari kupokea kilengeo cha aina hiyo.

Hata hivyo, nukta haimfundishi mtu kupiga. Kifundo cha mkono kikiinama kidogo tu, nukta hutoweka, na mwanafunzi huitafuta kiooni kama aliyedondosha sindano, hali adui amekwisha kutenda lake. Dawa yake ni kuitoa bastola tupu alani, polepole, mamia ya mara, kabla ya kupewa risasi hata moja. Tone la mvua likiangukia taa, nukta hutawanyika.

Kwa hiyo twaomba wakuu wa vikosi: betri zibadilishwe kwa tarehe iliyoandikwa katika daftari la ghala, bila kungoja zizimike; na vilengeo vya chuma visiondolewe, tena viwe virefu vya kutosha kuonekana ndani ya kioo.