Mnakata springi, mnaacha bolijointi

Nilipaswa kuwa nasoma Saikolojia ya Elimu saa hizi, lakini kuna jambo limenikaa rohoni wiki nzima na nisipolitoa hata hiyo saikolojia haitaingia.

Hizi Altezza zinazopaki nje ya hosteli zetu zinayumba. Sizungumzii kunesa kidogo. Nazungumzia gari likifika spidi 80 usukani unatangatanga, ukikanyaga breki pua inahamia upande, ukipita tuta unasikia "ko ko ko" kama kuna mtu anapiga hodi chini ya sakafu. Na wenye nazo mnafanya nini? Mnakata springi. Mnafunga rimu za inchi 18. Mnaweka lile bomba jekundu chini ya boneti, la kuunganisha minara ya shokapu. Halafu mnatuambia eti "gari imetulia". Imetulia wapi, kaka?

Nasema hivi: gari la spoti lililochoka likiyumba, hela ya kwanza iende kwenye vifundo vilivyolegea na mipira iliyokufa. Vya kuonekana vitakuja baadaye, au visije kabisa. Na fundi anayekimbilia kukata springi kabla hajashika mtaimbo kukagua, msimpe hata ya soda.

Tuelewane kwanza kuhusu gari lenyewe, maana wengi mnalijua kwa muziki tu. Toyota waliitengeneza Altezza kuanzia 1998 hadi 2005, na nje ya Japani iliuzwa kama Lexus IS. RS200 ya gia za mkono ina nguvu farasi 210, zote zinakwenda matairi ya nyuma. Kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, mbele na nyuma. Ilichukua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani ya 1998-1999, na mojawapo ya sifa zake kubwa ilikuwa jinsi inavyoshika barabara. Sawa. Lakini sifa hiyo ni ya gari ambalo kila kifundo ni kizima. La mwisho kabisa kutoka kiwandani sasa limepita miaka 20, na mpira wa bushi unazeeka hata gari likiwa limepaki. Kwa hiyo mtu akikuambia "imetembea kilomita chache sana, Mjapani alikuwa mzee", mwambie hongera kwa mzee, sasa tuone bushi.

Bushi ikipasuka, mkono wa chini unapata nafasi ya kucheza. Ukikanyaga breki, gurudumu linavutwa nyuma kidogo na linabadilisha uelekeo bila wewe kugusa usukani. Ndiyo ile pua inayohama. Huo ugonjwa bomba jekundu haliugusi hata kwa mbali, kwa sababu liko juu kwenye bodi na ugonjwa uko chini.

Bolijointi ndiyo inayoninyima usingizi. Kwenye Altezza, springi na shokapu za mbele zinakalia mkono wa chini, kwa hiyo bolijointi ya chini inabeba uzito na siyo kuongoza gurudumu tu. Ikichoka inaanza kwa kugonga. Ukiidharau, siku moja inachomoka, gurudumu linalala chini ya gari na usukani unabaki pambo. Waulizeni wanaozijua hizi gari, ni udhaifu wake unaofahamika. Sasa fikiria hilo linatokea ukiwa umepakia watu watano, muziki juu, mnaelekea Bagamoyo.

Kuikagua si sayansi ya roketi. Likizo zote nashinda gereji ya mjomba wangu, nimeona inavyofanywa. Kosa la wengi ni kupiga jeki kwenye bodi, wanatikisa tairi, wanasema iko poa. Haiwezi kuonekana hivyo, kwa sababu springi bado inaukandamiza mkono na kifundo kimebanwa. Jeki iwekwe chini ya mkono wenyewe, karibu na kifundo, tairi linyanyuke kidogo tu. Pitisha mtaimbo chini ya tairi, nyanyua taratibu, mwenzako aangalie kifundo. Kikicheza, kimekufa. Kisha shika tairi kushoto na kulia ulitikise, hapo unasikiliza tairodi. Dakika kumi zinatosha, na huhitaji mashine.

Turudi kwenye springi, na hapa naongea kama mwalimu mtarajiwa wa fizikia. Springi ya mizunguko 8 inayofanya kazi ukikata 2 inabaki 6, ugumu wake unapanda mara 8/6, yaani theluthi moja zaidi. Shokapu ni ile ile ya zamani, mafuta yanavuja, sasa umeipa springi ngumu zaidi iizuie. Tena gari limeshuka, kwa hiyo nafasi ya kupanda na kushuka imepungua, kila tuta shokapu inagota mwisho wake na tairi linaruka juu ya lami. Tairi lililo hewani halishiki kitu. Hiyo ndiyo mnayoita "imekaza".

Wengine mtasema mmeshapiga alaimenti na karatasi mnayo. Alaimenti juu ya vifundo vilivyolegea ni kudesa: karatasi inaonyesha majibu sahihi, kichwani hakuna kitu. Namba zilipimwa gari limesimama, likianza kutembea magurudumu yanaelekea yanapotaka. Alaimenti ni ya mwisho, baada ya bushi, bolijointi, tairodi na shokapu. Na shokapu zibadilishwe mbili mbili. Bushi nazo fundi asizikaze gari likining'inia. Boliti za mikono zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limekalia uzito wake, la sivyo mpira unabaki umejikunja na unachanika mapema.

Najua jibu lenu: spea ni ghali na boom halitoshi. Rimu za inchi 18 zilinunuliwa na nini, karanga? Kuna jamaa mmoja, simtaji anajijua, gereji moja ilimwambia tatizo ni shokapu. Akabadili zote nne, gari likaendelea kugonga vile vile, akarudi akaambiwa sasa tushushe springi. Hela imekwenda mara mbili na hakuna aliyeshika bolijointi.

Na matairi ya mtumba jamani! Ubavuni kuna tarakimu nne. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Someni, mmekwenda shule.

Kwa hiyo safari ya Jumamosi, mimi sipandi ile nyeupe mpaka ikaguliwe, na dada zangu wa chumba nimeshawaambia wasipande. Mwenyewe akitaka, Ijumaa jioni nipo, jeki na mtaimbo wa mjomba naja navyo. Asipotaka, daladala za Bagamoyo zipo. Matusi andikeni hapo chini, ila kila mwenye tusi aseme kwanza bolijointi zake alizikagua lini.