Usinunue Mmea Unaodai Baridi Tusiyo Nayo

Siku hizi swali hili halikosi: “Afisa, ile mimea inayokula nzi, naweza kuilima kibiashara?” Video nyingi mnazoziangalia zinatoka Ulaya na Marekani, na zinafundisha kuitunza ndani ya nyumba majira ya baridi. Msimamo wangu ni huu: kabla hujatoa hata shilingi, jua kama mmea wako unaitaka ile baridi au unaikimbia. Maana ni mimea ya aina mbili, na wengi wanaichanganya.

Wa kwanza ni Sarracenia. Mitungi yake inasimama wima kama tarumbeta. Asili yake ni maeneo ya majimaji ya Amerika Kaskazini, hasa kusini mashariki mwa Marekani. Huu lazima ulale. Kwa miezi mitatu hadi minne unataka siku fupi na baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi. Ndiyo maana wenzetu wanaojua hawauweki sebuleni karibu na hita. Wanauweka gereji penye dirisha au chumba kisichopashwa joto. Ukiunyima usingizi haufi leo wala kesho. Unapendeza kwanza, unadhoofika taratibu, halafu unakufia mkononi, au mkononi mwa mteja wako.

Wa pili ni Nepenthes. Mitungi yake inaning'inia kwenye ncha za majani. Wengi wake ni wa Asia ya Kusini Mashariki, ingawa hata Madagaska na Shelisheli ipo ya asili. Huu haulali kabisa. Huko Ulaya baridi ikianza, hita inakausha hewa na mwanga unapungua, mmea unaacha kutoa mitungi. Mkulima wa ndani analazimika kuwasha taa saa 12 hadi 14 kwa siku na kuongeza unyevu hewani. Jamani, sisi mchana wa karibu saa 12 tunao bure mwaka mzima! Unachohitaji ni neti ya kivuli na unyevu.

Kwa hiyo kwa kijana wa Tanzania, jibu langu ni Nepenthes. Ila hapo nako chagua kwa kuangalia usiku wa kwako, siyo uzuri wa picha. Aina za nyanda za chini zinataka usiku wa nyuzi 20 au zaidi: hizo ni za Tanga na Dar. Aina za milimani zinataka usiku wa nyuzi 10 hadi 15: fikiria Lushoto.

Najua wa Makete atasema, “Huku Juni na Julai tunapigwa na barafu.” Kweli, baridi mnayo, lakini siku zenu hazifupiki kama za kule. Jaribuni vyungu vichache vya Sarracenia, siyo mtaji wote.

Mengine ni ya lazima. Mwagilia maji ya mvua; maji ya kisima yenye chumvi yanaua. Tumia piti mosi iliyochanganywa na perlaiti, siyo udongo wa shamba. Samadi, DAP na urea visiguse chungu. Na usimwambie mteja kwamba ni dawa ya mbu. Nepenthes anakula zaidi sisimizi. Uza urembo, usiuze uongo.

Jambo la mwisho ni vibali. Mimea yote miwili imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Usiagize miche kimyakimya. Pitia kwanza TPHPA, na nunua iliyozalishwa kitaluni, siyo iliyong'olewa porini.

Anza na miche 20. Ipitishe mwaka mzima, kiangazi na masika. Ikiendelea kutoa mitungi mipya, hapo ndipo tuzungumze habari ya mkopo.